Swynnerton: Mzungu wa maswali ya Historia aliyechora ramani ya shamba la babu yako

Hebu tuseme ukweli. Jina lake ulilisikia sekondari, kwenye somo la Historia, ukalikariri vile tulivyokariri wote: Mpango wa Swynnerton, 1954, sababu tano, matokeo matano. Ulipomaliza karatasi ya mtihani ukamwacha papo hapo kwenye dawati. Hukuwahi kujiuliza kama Swynnerton alikuwa mtu, alizaliwa wapi, alikula nini, alikosea wapi.

Sasa miaka imepita. Uko Pipeline, Umoja ama Rongai, unasukuma maisha. Jioni moja kikundi cha WhatsApp cha familia kinawaka moto. Jumamosi kuna mkutano nyumbani Nyansiongo. Saveya ameitwa. Shamba la sokoro linagawanywa, kila mtu apate chake, kelele ziishe. Unaulizwa kama utafika au utatuma neno.

Kabla hujajibu, kaa nami kidogo nikusimulie maisha ya huyo mzungu wa mtihani. Kigingi atakachopigilia saveya Jumamosi kina historia yake, na katikati ya historia hiyo yuko yeye.

Mtoto wa mtaalamu wa mbung'o

Roger John Massy Swynnerton alizaliwa Januari 1911 huko Southern Rhodesia, nchi tunayoiita Zimbabwe leo. Babake, Charles Swynnerton, alikuwa mpenzi mkubwa wa viumbe vya porini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alipewa kazi Tanganyika ya kusimamia wanyamapori, kisha akaongoza utafiti wa mbung'o kule Shinyanga. Kuna aina ya mbung'o inayobeba jina lake hadi leo, na ndege mmoja mdogo wa msituni pia. Charles alifariki katika ajali ya ndege mwaka wa 1938, akiwa bado kazini.

Kwa hivyo Roger alikulia katika nyumba ambayo ardhi ilisomwa kama kitabu: nyasi gani imeota wapi, mdudu gani anaishi kwenye kichaka gani, mvua inafika lini. Alisomea Cambridge, halafu akapelekwa kisiwa cha Trinidad, kwenye chuo ambacho Waingereza walikitumia kuwafunza maafisa wa kilimo wa makoloni ya joto. Mwaka wa 1934 akaanza kazi Tanganyika akiwa afisa wa kilimo. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka alipigana, akapata nishani ya Military Cross, kisha akarudi shambani.

Kituo kilichombadilisha kilikuwa Moshi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro aliwakuta Wachagga wakipanda kahawa ndani ya vihamba vyao, chini ya kivuli cha migomba, na ng'ombe wakifungwa karibu na nyumba ili samadi irudi kwenye mizizi. Tayari walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, kilichoundwa mwaka wa 1933, na kahawa yao iliuzwa ng'ambo kwa bei ya heshima. Swynnerton alishirikiana na mwenzake kuandika kitabu kuhusu kahawa hiyo, kikachapishwa mwaka wa 1948.

Ng'ambo ya pili ya mpaka, Kenya, walowezi wa kizungu walikuwa wameshikilia msimamo mmoja kwa miaka mingi: Mwafrika asiruhusiwe kupanda kahawa. Ati ataleta magonjwa, ati ataharibu ubora, ati wezi watachanganya mavuno. Kwa lugha rahisi, waliogopa ushindani na waliogopa kukosa vibarua. Miaka ya 1930 serikali ililegeza kamba kidogo tu, ikaruhusu majaribio katika maeneo machache yaliyo mbali na mashamba ya walowezi: Meru, Embu na Kisii. Gusii, mzee Musa Nyandusi, chifu aliyekuja kujulikana sana na babake Simeon Nyachae, alikuwa miongoni mwa waliopanda mapema. Miche ilikuwa ya kuhesabiwa.

Swynnerton alikuwa ameona kwa macho yake Moshi kwamba hofu za walowezi hazikuwa na msingi. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo jambo jema aliloingia nalo Kenya.

Vumbi la Marekani, hofu ya Kenya

Kuna jambo lingine ambalo maafisa wote wa kizazi chake walilibeba kichwani. Miaka hiyo hiyo ya 1930, majimbo ya katikati mwa Marekani kama Oklahoma, Kansas, Texas na Colorado yalifunikwa na vumbi. Wakulima walikuwa wamelima nyika yote, wakang'oa nyasi zilizoshika udongo, kisha ukame ukaja na upepo ukaubeba udongo wenyewe. Familia nyingi zilihama zikiwa na magodoro juu ya magari. Mwaka wa 1935 serikali ya Marekani iliunda idara nzima ya kuhifadhi udongo.

Habari hizo zilivuka bahari zikawatia maafisa wa kikoloni baridi. Walipotazama maeneo ya Waafrika, yaliyokuwa yamejaa watu na mifugo, walianza kuona Oklahoma kila mahali. Ndipo zikaja amri za kuchimba matuta, kupunguza mifugo, kutolima kando ya mto. Nyingi zilikuja kwa kiboko, na akina mama ndio walioinama kuchimba matuta hayo.

Lakini afisa hao waliruka swali moja. Kwa nini maeneo ya Waafrika yalikuwa yamejaa hivyo? Jibu lilikuwa ng'ambo ya ua. Sheria ya mwaka wa 1939 ilikuwa imechora rasmi mpaka wa nyanda za juu za wazungu, na mwenye ngozi nyeusi aliruhusiwa humo akiwa kibarua tu. Udongo ulichoka upande mmoja kwa sababu upande wa pili ulikuwa umefungwa.

Mpango ulioandikwa chini ya bunduki

Swynnerton alihamia Kenya mwaka wa 1951 akiwa mkurugenzi msaidizi katika idara ya kilimo. Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Mau Mau walikuwa msituni wakidai ardhi na uhuru, na serikali ya Uingereza ikagundua, kwa kuchelewa, kwamba risasi peke yake haitatosha. Swynnerton akapewa kazi ya kuandika mpango wa kuinua kilimo cha Waafrika. Ukachapishwa mwaka wa 1954, na Uingereza ikatoa pauni milioni 5 kuusukuma.

Ukiondoa lugha ya ofisi, mpango wenyewe ulisema mambo matatu makubwa.

Kwanza, vipande vya shamba vilivyotawanyika vikusanywe viwe shamba moja. Badala ya mzee kuwa na kipande mtoni, kingine mlimani na kingine kwa wajomba, apate mahali pamoja.

Pili, shamba hilo lipimwe, liandikishwe, na mwenyewe apewe hati. Akiwa na hati ataweza kukopa benki, na atalitunza kwa kuwa anajua ni lake.

Tatu, Mwafrika aruhusiwe kupanda mazao ya pesa: kahawa, majani chai, pareto. Afuge ng'ombe wa gredi, apande nyasi za nepia kwenye matuta, auze maziwa. Lengo lilikuwa familia 600,000 zipande kutoka kwenye ziada ya takriban pauni 10 kwa mwaka hadi pauni 100.

Ukitaka kujua vile maafisa wa wakati huo walivyopanga ardhi, jifunze kutazama nyasi. Nchi ya juu yenye baridi, ambako nyasi ya kikuyu huota yenyewe, waliihesabu kuwa ya pareto, chai na maziwa. Nchi ya chini kidogo waliihesabu kuwa ya kahawa na ndizi. Siku ukishuka Nyansiongo, tazama miguuni pako. Kabla ya mtu yeyote kuchora ramani, nyasi ilikuwa imeshasema.

Matokeo? Yalionekana haraka. Mazao ya kuuzwa kutoka mashamba ya Waafrika yalipanda kutoka thamani ya takriban pauni milioni 5.2 mwaka wa 1955 hadi pauni milioni 14 mwaka wa 1964, na zaidi ya nusu ya ongezeko hilo ilitoka kwa kahawa. Karo ya watoto wengi ililipwa na vichaka hivyo. Ikiwa babu yako alikuwa wa kwanza ukoo mzima kuvaa viatu vya shule, huenda unajua pesa zilitoka wapi.

Lakini usimpambe bado.

Kule Mkoa wa Kati, vipande vilikusanywa wakati wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, na familia zao zikiwa zimesukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua. Waliokuwa upande wa serikali ndio walioketi kwenye kamati za kupima. Unaweza kubuni nani alirudi akakuta amepewa jabali, na nani alipata bonde lenye rutuba. Tena, hati iliandikwa kwa jina la mwanamume mwenye boma. Mama aliyelima kipande hicho kwa miaka ishirini hakuonekana popote kwenye karatasi.

Na kuna jambo moja ambalo mpango uliliweka wazi bila aibu: wakulima wenye bidii na uwezo wangepata ardhi zaidi, wengine wangebaki bila, na hiyo ilichukuliwa kuwa hatua ya kawaida ya nchi kukua. Wasio na ardhi wangetafuta kazi ya kuajiriwa.

Umeelewa hapo? Wewe uliye Pipeline, unayelipa nyumba ya chumba kimoja na kurauka saa kumi na moja kwenda Industrial Area, umo kwenye hesabu yake. Hukupotea njia kuja mjini. Kuna ofisa aliyekaa mezani kabla mamako hajazaliwa akaandika kwamba mtu kama wewe atakuwepo.

Mahali ambapo kalamu yake haikufika

Hapa ndipo Nyansiongo inaingia, na hapa ndipo wengi wetu tunachanganya mambo.

Mpango wa Swynnerton haukugusa nyanda za wazungu. Ulikuwa wa kuboresha maeneo ya Waafrika, ili presha ya kudai ardhi ya walowezi ipungue. Na eneo ambalo leo tunaliita Borabu lilikuwa upande wa walowezi. Waingereza walipoikata nchi ya Sotik mwanzoni mwa karne iliyopita, waliwaweka wazungu katikati ya Abagusii na Wakipsigis, kama ukuta. Kwa hivyo mwaka wa 1954, wakati mwalimu wa kilimo alikuwa akimwonyesha mzee wa Kitutu jinsi ya kupanda pareto, mjukuu wa mzee huyo angeweza kusimama Keroka akatazama mashariki na kuona malisho mapana yasiyo na mtu, na asiruhusiwe kuingia ila kuchunga ng'ombe wa bwana.

Hilo ndilo pengo kubwa la maisha ya kazi ya Swynnerton. Alijua udongo, alijua nyasi, alijua kahawa. Alimtetea Mwafrika kwenye haki ya kupanda. Lakini ua uliosababisha msongamano aliuacha umesimama.

Ua huo uliangushwa na siasa. Miaka ya mwanzo ya 1960 sheria za ubaguzi wa ardhi zililegezwa, na mwaka wa 1962 ukaanza mradi wa ekari milioni moja wa kununua mashamba ya walowezi na kuyagawa. Nyansiongo ikawa mojawapo ya skimu za makao za Abagusii. Familia zilitoka huko chini kulikobanana, zikapanda na mbuzi, sufuria na watoto, zikapewa mashamba makubwa kuliko yale waliyoyaacha. Hayakuwa ya bure. Yalikuja na mkopo wa serikali, na hati ilingoja deni liishe. Wako wazee waliolipa hadi mvi zikatoka. Ukiwahi kuona bahasha ya kaki iliyofungwa kwa mfuko wa plastiki chini ya godoro la nyanya yako, usiicheke. Ndani yake kuna risiti za ujana wa watu wawili.

Kisha fikra za Swynnerton zikaifuata Nyansiongo hata bila yeye kuwepo. Skimu zilichorwa kwa mtindo ule ule: shamba moja mahali pamoja, ng'ombe wa gredi, zao la pesa, hati. Majani chai yakaja. Mamlaka iliyoundwa mwaka wa 1960 kusimamia mazao maalumu ya wakulima wadogo ndiyo iliyogeuka kuwa KTDA mwaka wa 1964, na leo kiwanda cha chai cha Nyansiongo ni kimojawapo cha viwanda vyake. Mkopo wa kuianzisha mamlaka hiyo ulitoka kwa shirika la maendeleo la Uingereza, CDC. Na unajua Swynnerton alienda kufanya kazi wapi alipoondoka Kenya mapema miaka ya 1960? CDC, akiwa mshauri wa kilimo, hadi mwaka wa 1976, mwaka ambao pia alipewa cheo cha Sir. Alifariki Desemba 2000 akiwa na miaka 89. Sidhani gazeti lolote lilifika Kijauri siku hiyo na habari hiyo, na sidhani kuna aliyeinamisha kichwa.

Sasa turudi kwa Jumamosi

Fanya hesabu nami. Chukua mfano wa mzee aliyepata ekari 20 kwenye skimu. Ana wana watano, kila mmoja anapata 4. Kila mmoja wao ana watoto wanne, kila mtoto anapata ekari 1. Watoto wa hao, wakiwa wanne, wanapata robo. Baada ya hapo tunaingia kwenye ploti ya 50 kwa 100, ambayo nane au tisa hivi hujaza ekari. Vizazi vitatu, na shamba la chai limekuwa mtaa usio na barabara, usio na bomba la maji taka, vyoo vya shimo vikipumuliana na visima.

Hapo sijawahesabu mabinti, na sheria inawahesabu. Katiba ya 2010 na sheria ya urithi hazitofautishi mtoto wa kiume na wa kike. Kama dadako hajaalikwa kwenye mkutano wa Jumamosi, familia yenu inarudia kosa lile lile la hati za 1954, na safari hii hakuna mkoloni wa kulaumiwa.

Ona kejeli iliyopo. Swynnerton alitumia nguvu ya dola kukusanya vipande vilivyotawanyika. Sisi tunavitawanya tena kwa hiari, na chai ya kukaribisha saveya juu. Katiba, kwenye kifungu cha 68, iliwataka wabunge waweke kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi. Bado tunangoja. Kwa hivyo kiwango cha chini cha shamba la sokoro kitaamuliwa na nyinyi, chini ya mti wa mzambarau, Jumamosi.

Ushauri wangu, na uko huru kuukataa: gaweni mapato kabla ya kugawa udongo. Shamba linaweza kubaki moja, likaandikwa kwa majina yenu wote, kila mtu na sehemu yake kwenye karatasi, mabinti wakiwemo. Bonasi ya chai inakuja, inagawanywa kwa sehemu hizo. Nyumba zijengwe pamoja kwenye kona moja, upande wa barabara, umeme na maji yaingie mara moja. Mteremko ubaki na chai, kwa sababu mizizi ya chai hushika udongo. Kando ya kijito muache, msilime hadi majini. Yule anayetaka pesa zake aende zake, wengine wamnunue polepole kwa makubaliano yaliyoandikwa. Na kama ni lazima mkate, msikate kwa siri: ardhi ya kilimo haigawanywi kihalali bila idhini ya bodi ya ardhi. Kigingi bila bodi ni kijiti tu.

Ninajua si rahisi. Desturi yetu inasema kila enyomba na shamba lake, na kaka mkubwa ana maneno yake, na yule wa mwisho ana deni la bodaboda linalomkaba. Kuna hofu pia: anayebaki bila kipande chenye jina lake anahisi hana kwao. Hofu hiyo si ujinga. Watu walioishi mpakani mwa Borabu na Sotik mwaka wa 1992 na 2008 wanajua maana ya kuulizwa kwenu ni wapi.

Lakini maisha ya Swynnerton yanatufunza kitu hapo hapo. Alikuwa mtu mwenye akili, msomi, aliyeijua ardhi kuliko wengi, na bado alipanga mashamba ya watu bila kuwauliza wote waliohusika: waliofungwa, akina mama, vijana ambao hawangepata kitu. Alichofanya vizuri bado kinatulisha. Alichokiruka bado kinatugombanisha, miaka 70 baadaye.

Wewe una nafasi ambayo yeye hakuitafuta. Wote wanaohusika wako kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp. Kwa hivyo usitume neno, nenda. Panda matatu ya Ijumaa usiku, shuka Keroka kukipambazuka, unganisha ya kuelekea Sotik, utazame vile vijishamba vinavyoanza kupanuka dirishani ukiingia Borabu. Ukifika nyumbani, kabla saveya hajafungua mkoba wake, mwombe nyanya atoe ile bahasha ya kaki. Zisomeni risiti kwa sauti, moja baada ya nyingine. Kisha ndio muulizane mnataka kugawa nini.